Siku 236 za Ujiji, na Swali la Mpwa Wangu

Wapenzi wa lugha na wa ushairi, leo naomba kuwapeleka Ujiji kwa njia ambayo hata mimi sikuitarajia. Njia hiyo inaanzia katika chumba cha mpwa wangu pale Mwanga, Kigoma mjini, ambako kijana huyo hukesha akirusha roketi.

Si roketi za kweli. Ni mchezo wa kompyuta uitwao Kerbal Space Program, uliotungwa na kampuni ya Squad ya Mexico. Ulianza kutolewa mwaka 2011, na toleo lake kamili likatoka mwaka 2015. Mchezaji hupewa sayari ndogo iitwayo Kerbin, wanaanga wafupi wenye ngozi ya kijani, na ghala la injini na matangi. Kazi iliyobaki ni yake: aunde chombo, akirushe, akitazame kikilipuka, aunde kingine. Wanaanga wale wana sura za kuchekesha, lakini hesabu zao hazichekeshi. Chombo hupaa na kuanguka kwa kanuni zilezile za Kepler na Newton, na mtu asiyejua mzingo ni kitu gani huujua kwa lazima baada ya kupoteza vyombo ishirini.

Wapo wachezaji wanaoridhika kufika tu. Mpwa wangu si mmoja wao. Yeye hushindana na saa. Wachezaji wa aina yake hujiwekea kazi, kwa mfano kutoka ardhini hadi kutua kwenye mwezi wa sayari ile, uitwao Mun, na kurudi nyumbani. Kisha kila mmoja hujaribu kuimaliza kwa muda mfupi kuliko wenzake. Jambo hili lina jina lake la Kiingereza, ambalo kijana alinitajia mara tatu nami nikalikataa mara tatu. "Mwanangu," nilimwambia, "mimi nataka Kiswahili." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni mbio za saa, Mjomba." Nimelipokea neno hilo, nami nitalitumia hapa hadi mmoja wenu aniletee lililo bora.

Jioni moja nilimuuliza, kwa nia ya mazungumzo tu, ametumia muda gani kufika Mun. Hakunijibu. Aliniuliza yeye: "Kwa saa ipi, Mjomba?"

Nilidhani ananitania kuhusu saa zetu za Kiswahili na zile za wageni, ambazo zimepishana kwa saa sita. (Na kwa sadfa ya ajabu, siku moja ya Kerbin ina saa 6 tu.) Lakini hakuwa akitania. Katika mchezo ule zipo saa mbili. Ya kwanza ni saa ya ukutani, ile inayomhesabia mchezaji aliyekaa kitini. Ya pili ni saa ya safari, inayowahesabia wanaanga ndani ya chombo. Saa hizi haziendi pamoja, kwa kuwa mchezo unamruhusu mtu kuharakisha wakati hata mara 100,000. Safari ya kawaida ya kutoka mzingo wa chini wa Kerbin hadi Mun huchukua saa saba na nusu hivi kwa saa ya chombo, lakini mchezaji huzipitisha zote kabla chai yake haijapoa. Anayeshinda kwa saa ya ukutani aweza kuwa wa mwisho kwa saa ya safari. Ndiyo maana, alinieleza, kabla ya mbio yoyote lazima yatajwe mambo haya: saa gani itahesabu, inaanza wapi na kuishia wapi, hila gani zinaruhusiwa, na ushahidi uweje. Asiye na video ya safari nzima tangu mwanzo hadi mwisho hana rekodi, hata aape.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali lake kichwani. Kwa saa ipi? Mimi nimezaliwa Ujiji, na Ujiji ina rekodi yake mashuhuri, ambayo nimeisikia tangu utotoni bila mtu yeyote kuiuliza swali hilo.

Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871, akaingia Ujiji, kwa hesabu yake, tarehe 10 Novemba mwaka huohuo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1872 aliandika kwamba hiyo ilikuwa siku ya 236 tangu Bagamoyo, na siku ya 51 tangu Unyanyembe, yaani Tabora. Tarehe hiyo ya 10 Novemba ndiyo iliyowekwa kwenye ukumbusho wa Ujiji, chini ya miembe, na ndiyo wanayosomewa watalii.

Nilichukua karatasi nikahesabu. Kutoka 21 Machi hadi 10 Novemba, ukiihesabu siku ya kuondoka na siku ya kufika, unapata siku 235. Moja imezidi. Si kitu, mtu aliyeugua homa njiani husamehewa siku moja. Kubwa zaidi ni kwamba David Livingstone naye alikuwa na shajara, na katika shajara yake mgeni huyo anafika mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili wanapeana mkono chini ya mwembe mmoja, na kila mmoja ana tarehe yake. Livingstone alikwisha kaa bara miaka mitano na ushee, mgonjwa, na hesabu yake ya siku ilikuwa imepotoka. Stanley naye aliwahi kulala kwa homa akiwa hajitambui, na baadaye akategemea kuambiwa na wengine ni siku ngapi zimepita. Kwa hiyo rekodi ya siku 236 haina saa ya kuaminika. Waamuzi wa mpwa wangu wangeirudisha siku hiyohiyo.

Lakini tuseme tunaikubali. Siku 236 ni kasi au si kasi?

Hapa nilikutana na jambo ambalo lilinishangaza. Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka Kaole, jirani na Bagamoyo, mwishoni mwa Juni 1857. Waliliona Ziwa Tanganyika katikati ya Februari 1858. Hizo ni takriban siku 230. Burton alifika akiwa amepooza miguu kwa maradhi na akibebwa. Speke alifika macho yakiwa yamemwuma kiasi cha kutoliona vizuri ziwa lenyewe. Na Stanley, ambaye sifa yake kuu ni kasi, ambaye gazeti la New York Herald lilimlipia kila kitu ili awahi, alitumia siku zilezile, au zaidi kidogo.

Kwa saa ya ukutani, basi, hakuna aliyemshinda mwenzake. Kwa saa ya mwendo mambo hubadilika. Stanley alifika Unyanyembe mnamo Juni 1871, baada ya siku tisini na kitu, pahali ambapo Burton alitumia siku zaidi ya 130. Kisha akakwama. Mirambo alikuwa ameifunga njia ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Tabora, na msafara ukakaa karibu miezi mitatu hadi tarehe 20 Septemba, ulipoamua kuzunguka kwa kusini. Ukiitoa miezi hiyo mitatu, Stanley anabaki na siku kama 145 za njiani, vituo vidogo vikiwemo. Yeye mwenyewe alilijua hilo. Ndiyo sababu aliandika tarakimu mbili katika sentensi moja, 236 na 51: ya kwanza ya ukutani, ya pili ya mwendo, kila msomaji achague ya kumsifia.

Sasa nije kwa mtu ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye rekodi, ingawa ukumbusho haumtaji.

Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India, na baada ya bwana wake kufa akarudi Unguja akiwa huru. Alikwenda na Burton na Speke hadi ziwani mwaka 1858. Alikwenda na Speke na Grant kutafuta chimbuko la Nile. Mwaka 1871 alikuwa nahodha wa watu wa Stanley. Mwaka 1873 aliondoka tena pwani pamoja na Verney Lovett Cameron, akaingia Ujiji Februari 1874, kisha akaendelea naye hadi pwani ya Atlantiki. Ujiji, basi, Bombay alifika mara tatu kutoka pwani: kwa siku 230 hivi, kwa siku 236 za Stanley, na kwa karibu miezi 11 ya Cameron. Wazungu walibadilika, naye akabaki. Katika mbio za saa za mpwa wangu, jina linaloandikwa kwenye orodha ni la mtu aliyeikimbia njia, na mara nyingi ni la yule aliyeirudia mara nyingi hata akajua kila kokoto. Bombay ndiye aliyeirudia. Ni haki kusema kwamba Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikampa pensheni. Alikufa mwaka 1885. Mimi nilisoma habari zake kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, wakati jina la Stanley nilikuwa nimelikariri darasa la nne.

Nilimpelekea mpwa wangu hesabu hizi. Alizitazama kama afanyavyo fundi akiletewa injini ya kigeni, kisha akauliza jambo ambalo mwanahistoria mara nyingi huliruka: "Walikuwa wanakula nini?"

Swali la chakula ndilo swali la roketi. Mrusi Konstantin Tsiolkovsky alilichapisha kwa hesabu mwaka 1903: chombo hubeba mafuta, lakini mafuta nayo ni mzigo, kwa hiyo sehemu ya mafuta huchomwa ili kubeba mafuta mengine. Ukitaka kasi zaidi unaongeza mafuta, na ukiyaongeza unaongeza uzito wa kusukumwa. Roketi ya Saturn V, iliyowapeleka watu Mwezini, ilipokuwa ardhini sehemu kama 9 kati ya 10 za uzito wake zilikuwa mafuta. Watu watatu waliofungwa juu kabisa walikuwa kama chumvi kwenye sufuria.

Sasa mtazameni mpagazi. Mzigo wake ulikuwa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Posho yake ya siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, ratili moja na nusu, sawa na gramu 680. Kama mzigo wake wote ungekuwa chakula chake mwenyewe, angeumaliza kwa siku 47, akiwa bado hajaliona hata vumbi la Tabora, tena akiwa hajabeba kitu cha mtu mwingine. Msafara uliojaribu kujilisha wenyewe ungejila wenyewe. Ndiyo maana mizigo ilikuwa merikani, kaniki, ushanga na waya: vitu visivyoliwa, bali hugeuka chakula vikifika kijijini. Waswahili na Wanyamwezi walikuwa wamelitatua fumbo la Tsiolkovsky kabla hajazaliwa. Walijaza tangi njiani, wakalipa kwa nguo. Mpwa wangu aliposikia hivyo alisema kwamba katika mchezo wao pia wapo wanaoweka vituo vya mafuta mizingoni, lakini kwa mbio za saa vituo huchelewesha. Nikamwambia, ndivyo walivyosema wapagazi.

Kwa kuwa palikuwa na nyika zisizokuwa na kijiji wala kisima. Marenga Mkali, kabla ya Ugogo, ilikuwa moja. Mgunda Mkali, baada ya Ugogo, ilikuwa nyingine. Huko msafara ulikuwa na mbinu yake, na mbinu hiyo ilikuwa na jina ambalo wasafiri wa karne ya 19 waliliandika kwa tahajia zao, tirikeza au terekeza. Kwa kawaida msafara ulianza mwendo alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Siku ya tirikeza mambo yalipinduliwa. Asubuhi watu walikaa majini, wakapika, wakala wakashiba, wakajaza vibuyu. Mchana jua likiwa kichwani wakajitwika. Wakaenda hadi jioni, wakalala pakavu bila kupika, wakaamka gizani, na kabla ya adhuhuri ya siku ya pili wakafika maji mengine. Nyika iliyotaka siku mbili bila maji ilivukwa kwa usiku mmoja wa kiu.

Tazameni uzuri wa hesabu hiyo. Hawakuongeza mwendo hata hatua moja. Waliisogeza saa ya kuondoka tu. Mpwa wangu alisimama aliposikia. Kwao, alisema, nusu ya mbio nzima ni kujua saa ya kuwasha injini: chombo kilekile, mafuta yaleyale, ukiwasha mapema unaukosa mwezi, ukiwasha kwa wakati wake unaupata bila kuongeza tone.

Hapo masikio yangu ya mtunga mashairi yakaingilia. Telekeza tunalolisema leo ni kumwacha mtu au kitu bila matunzo: mke ametelekezwa, kiwanja kimetelekezwa. Tirikeza ya wapagazi ilikuwa kuvuka pakavu kwa haraka. Na katika kuvuka huko, aliyechoka au aliyeugua ndiye aliyebaki nyuma. Vitabu vya wasafiri vimejaa habari hizo, zimeandikwa kwa kupita tu: mzigo umepatikana, mbebaji hakuonekana. Maneno hayo mawili nimeyakalia siku nyingi, nikaishia kuandika ubeti huu, ambao si mkubwa, lakini ni wangu:

Kirangozi tangulia, jua lingawa ni kali,
Vibuyu tumejazia, maji bado yako mbali,
Mwenzetu akiumia, tumuulizeni hali,
Hesabu ya siku zetu, nani ataiandika?

Nimeutumia kirangozi kwa makusudi, badala ya kiongozi, kwa kuwa ndivyo alivyoitwa yule aliyetangulia na bendera na ngoma, na ambaye kwa desturi ya msafara hakuruhusiwa mtu kumpita. Asiyepitwa na mtu ndiye aliyeshika kasi ya wote. Hapakuwa na saa mfukoni mwake.

Limebaki jambo la hila, nalo linanigusa kwa upande wa mama yangu, ambaye ni Muha.

Msafara wa Stanley, baada ya kuvuka Malagarasi, uliingia Uha. Huko, kama kotekote njiani, kulikuwa na hongo. Leo neno hilo limeharibika, tunalisikia mahakamani, lakini wakati ule hongo ilikuwa ushuru wa njia. Mwenye nchi alikuwa na haki ya kulipwa na mpita njia aliyekula chakula cha nchi na kunywa maji yake. Stanley alilipa kwa mkuu mmoja, akalipa nguo nyingi mno kwa maoni yake, kisha akaambiwa kwamba mbele yake wapo wakuu wengine kadhaa wanaongoja zamu yao. Akaikagua akiba ya nguo zake, akaona haitatosha. Basi akamlipa kiongozi wa siri, na usiku wa manane watu wake wakatoka kambini mmojammoja, wakaiacha njia, wakapenya porini. Waliizunguka Uha kimyakimya. Hata moto hawakuwasha. Siku chache baadaye waliliona ziwa.

Katika mbio za saa, wachezaji wamejigawa kuhusu jambo la namna hii. Mchezo wowote una nyufa: mahali ambapo kanuni za mtunzi zinashindwa, ukuta unapenyeka, chombo kinapata nguvu kisichostahili. Katika mchezo wa mpwa wangu nyufa hizo zimepewa hata jina la zimwi la baharini, Kraken, kwa sababu mara nyingi huvunja chombo badala ya kukisaidia. Lakini wapo waliojifunza kumpanda zimwi. Jumuiya haiwafukuzi. Inawapa orodha yao: hapa wanaotumia nyufa, pale wanaokimbia bila nyufa, na hakuna anayejidai kwamba rekodi ya huku ni ya kule.

Siku 51 za Stanley kutoka Unyanyembe ni mbio za nyufa. Nayasema haya bila hasira. Mtu mwenye marobota machache na wagonjwa wengi huenda nami ningemshauri hivyohivyo. Lakini kwa miaka yote hiyo usiku ule umesimuliwa kama ushujaa wa kuwakwepa wanyang'anyi, na waliokwepwa ni watu waliokuwa wakidai ushuru wao kwa sheria yao. Burton alilipa. Wafanyabiashara wa Ujiji walilipa kila mwaka. Wakwekeni katika orodha mbili, na heshima ya kila mmoja itabaki pake.

Baada ya hapo mbio za Ujiji ziliisha upesi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Meli ya Graf Goetzen, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani, ilikuja kwa reli hiyohiyo vipandevipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa ziwani Februari 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Kuunda chombo kikubwa, kukivunja vipande, kukisafirisha na kukiunga upya ng'ambo: mpwa wangu alitaka niisimulie hadithi hiyo mara mbili. Stesheni ya Kigoma anaipita kila siku, na hakuwa amefikiri kwamba imewahi kupokea meli.

Ipo hatua moja zaidi, na hiyo inatuunganisha na anga bila mfano wala fumbo. Unguja, ambako Burton, Stanley na Cameron walikusanya watu na mizigo yao, ndiko Wamarekani walikojenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wao wa Mercury. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu kwa muda usiofika saa tano, na kituo cha Unguja kilikuwa katika mnyororo wa vituo vilivyopokezana sauti yake, kutoka Kano huko Nigeria hadi Bahari ya Hindi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo hicho kilifungwa. Chombo kinachoizunguka dunia karibu na uso wake huenda kilomita karibu 8 kwa sekunde. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita elfu moja na kidogo. Fanyeni hesabu: ni dakika mbili na sekunde chache. Ila Glenn hakufika popote kati ya hapo, alipita. Hata chombo New Horizons, kilichorushwa Januari 2006, kiliuvuka mzingo wa Mwezi baada ya saa kama tisa, wakati Apollo 11 ilitumia zaidi ya siku tatu. New Horizons hakikuwa na haja ya kusimama. Kusimama ndiko kunakogharimu: aliyekwenda kasi lazima awe na mafuta ya kuivunja kasi hiyo, na mengine ya kurudia.

Wiki iliyopita mpwa wangu aliniita. Alikuwa ametunga mbio mpya na kuipa jina Tirikeza, na masharti yake alikuwa ameyaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu, akayabandika ukutani. Saa itakayohesabu ni ya safari. Inaanza chombo kikiacha ardhi ya Kerbin na kuishia wanaanga wakirudi ardhi ileile. Kituo cha mafuta njiani hakuna. Nyufa haziruhusiwi. Na sharti la mwisho lilikuwa limepigiwa mstari: wote watatu warudi hai, asiachwe mtu, na saa haisimami mpaka wa mwisho amefika.

Alikimbia mbele yangu. Sijui kuamua mambo hayo, ila niliona kwamba alikwenda kasi mno, kwa kuwa alikaa mbele ya kioo bila kupepesa. Alitua Mun mapema kuliko alivyowahi kutua. Kisha akatazama kipimo cha tangi, akanyamaza. Mafuta ya kurudi hayakutosha.

"Si uanze upya?" nilimwambia. Ndivyo wafanyavyo wote. Kitufe kipo palepale, na saa hurudi sifuri.

"Mjomba, na wale?" Alinionyesha wanaanga watatu wadogo wa kijani, wamesimama kando ya ngazi kwenye vumbi la kijivu, wakitabasamu kama kawaida yao.

Akafungua ghala, akaanza kuunda chombo cha kuwafuata. Nilimwaga saa saba usiku, akiwa bado anachagua injini. Pembeni ya kioo, saa ya Tirikeza ilikuwa ikiendelea kuhesabu.